Masjala ya Bi Sikuzani

Katika Hospitali ya Nuruni, pale Dunda, Bagamoyo, hakuna anayesema "nenda masjala." Wanasema "nenda kwa Bi Sikuzani." Daktari akikosa faili, kwa Bi Sikuzani. Mgonjwa akipoteza kadi, kwa Bi Sikuzani, naye atamkazia macho kidogo kisha aulize, "Wewe si mtoto wa Sharifu wa Fukayosi, uliyezaliwa mwaka wa mvua kubwa?" Mtu hajamaliza kuitikia, faili lake limeshafika mezani.

Miaka ishirini na sita amekaa kwenye chumba kile. Alianza na majalada ya karatasi yaliyofungwa kwa ugwe, akajaza rafu kutoka sakafuni hadi darini. Kompyuta zilipoletwa alikuwa na miaka arobaini na nane, na wapo walionong'onezana kwamba sasa mama atarudi kijijini kulima. Baada ya mwaka mmoja wanong'onaji hao hao walikuwa wakipanga foleni awafundishe kutafuta jina la mgonjwa bila kulikosea.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kukumbuka. Ilikuwa kunyamaza. Mji wenyewe huu tunaujua. Faili likisomwa na asiyehusika asubuhi, adhuhuri limeshafika sokoni, na likifika sokoni limeongezwa chumvi. Kwenye masjala ile kuna ndoa zingevunjika, kuna uchumba usingefika popote, kuna mabwana wazito wanaokunywa dawa ambazo wake zao hawazijui. Bi Sikuzani anayajua yote, na hajamwambia mtu hata moja. Dada yake, Dija, aliwahi kumjia kwa unyenyekevu mkubwa aulizie afya ya kijana aliyeleta posa kwa binti yake. Bi Sikuzani akamwambia, "Kamuulize mwenyewe." Dija alikasirika, wakapitisha Ramadhani mbili hawafuturu pamoja. Bi Sikuzani aliumia, maana dada ni dada, lakini hakutikisika.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekuja kuitwa mlango ulioachwa wazi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, wagonjwa wa Chalinze wameshashuka kwenye basi na dirisha limejaa. Katikati ya pilikapilika akaja mwanamke kijana, kavaa baibui safi, kabeba hotpoti ya rangi ya waridi.

"Hodi, Bi Sikuzani. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Umenisahau?" Yule binti akatabasamu kama mtoto wa nyumbani. "Mwaka jana nilimleta mama yangu hapa, ukatuhangaikia kutwa nzima. Mama kaniambia nikipita Bagamoyo, nisiondoke bila kumpelekea yule mama chochote."

Bi Sikuzani akamtazama. Akapekua kichwani, rafu kwa rafu, kama anavyopekua majalada yake. Hakuona kitu.

Kosa lilitokea hapo, na ni bora lielezwe vizuri, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kulicheka. Kwa mtu wa pwani, mgeni akikujia na jina lako mdomoni na chakula mkononi, ukamwambia humjui, umemfungia mlango usoni. Ni aibu, na aibu hiyo ni yako, si yake. Kwa Bi Sikuzani ilikuwa aibu mara mbili, kwa kuwa mji mzima ulimsifu kwa kukumbuka. Haikumjia akilini kwamba jina lake lilikuwa limening'inia kifuani, kwenye kitambulisho, kwa herufi kubwa.

"Aa, nimekukumbuka!" akasema. "Mama anaendeleaje?"

"Hajambo sana, alhamdulillahi."

Mlango wa masjala ukafunguliwa, mgeni akaingizwa ndani, akavutiwa kiti. Hotpoti ikafunguliwa: mkate wa kumimina, ungali na joto, iliki inanukia mpaka dirishani. Mgeni akaomba achomeke simu yake kwenye kompyuta, imezima na anatarajiwa nyumbani. "Chomeka, mwanangu, unauliza nini?" Mkate ukahamishiwa kwenye sahani. Ikabaki hotpoti tupu mkononi mwa Bi Sikuzani, na hakuna mwanamke aliyelelewa Fukayosi atakayemrudishia mtu chombo kikiwa kitupu. Chini ya meza alikuwa na nanasi aliloletewa jana.

"Subiri hapo hapo. Usiondoke."

Akaenda jikoni kwa wapishi, akaosha hotpoti, akamenya nanasi, akalikata vipande vizuri, akavipanga. Dakika sita. Aliporudi, mgeni alikuwa ameketi pale pale, ametulia, anafuta kioo cha simu yake. Wakaagana kwa kukumbatiana. Siku nzima Bi Sikuzani alijisikia vizuri, ingawa kila mara alijiuliza yule mama mgonjwa alikuwa nani.

Jibu alilipata Alhamisi, kwenye ukumbi wa mikutano, mbele ya wafanyakazi sitini.

Mkurugenzi, Daktari Mahmoud, alikuwa kijana bado kwa cheo chake, mtu mwepesi wa kuamua na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alisimama akaeleza kwamba hospitali ilikuwa imeajiri wadukuzi. Ukumbi ukaguna. Ndiyo, wadukuzi, akasema, lakini wenye barua na mhuri. Kuna hospitali moja mbali huko ilivamiwa na wahalifu kupitia mitandao, mafaili yote yakafungwa, na kwa wiki mbili madaktari wakawa wanatibu kwa kubahatisha. Bodi haikutaka yawakute hayo. Kwa hiyo ilikodi kampuni ya Dar es Salaam ije ijaribu kuvunja ulinzi wao kwa ruhusa, kisha iwaoneshe ilipopita, kabla mwizi hajapaona.

Akamkaribisha mtaalamu. Akasimama yule yule wa hotpoti.

Aliitwa Arafa. Nyuma yake alikaa mwenzake, Feisal, kijana mrefu wa miwani. Arafa akawasha kompyuta, na ukutani ikatokea picha ya kibodi ya Bi Sikuzani imegeuzwa juu chini, na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi: Fukayosi1967. Wa kwanza kucheka alikuwa Kulwa, kijana wa kitengo cha TEHAMA. Wengine wakamfuata.

"Kutoka kwenye mashine hii," Arafa akasema, na sauti yake haikuwa na furaha, "tuliyafikia mafaili elfu thelathini na nane. Tulitumia dakika nne."

Daktari Mahmoud hakusubiri amalize. "Bi Sikuzani," akasema, "kuanzia Jumatatu utahamia chumba cha kufulia. Masjala haiwezi kuwa mlango ulioachwa wazi."

Kicheko kikakatika. Bi Sikuzani akasimama. Hakuomba radhi wala hakujitetea. Hata hakumtazama mkurugenzi. Alimtazama Arafa.

"Mwanangu, uliyasoma?"

"Hapana, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja sikulifungua. Tulihesabu idadi tu, tukatoka. Barua yangu inanikataza, na hata isingenikataza nisingesoma."

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Bi Sikuzani akakaa, akafunika uso kwa ncha ya mtandio, na hapo ndipo alipolia. Hakulilia kufulia nguo. Tangu ilipotokea ile picha ya kibodi ukutani mpaka kilipotoka kiapo kile, alikuwa ameziona siri zote za Dunda zimemwagika barabarani, na yeye ndiye aliyezimwaga.

Arafa alifunga kompyuta yake. Alikuwa na maneno ambayo hayakuwa kwenye picha za ukutani.

"Daktari, ukimhamisha mama utakuwa hujafunga kitu. Nitamjia na atakayekaa pale Jumatatu, nitampita vilevile. Kwa nini mashine inabaki wazi mtu akishainuka? Kwa nini neno la siri la karani mmoja linafungua mafaili ya hospitali nzima, hata ya wagonjwa ambao hawajafika miaka kumi? Kwa nini naweza kuchomeka chochote kwenye kompyuta yoyote? Na mashine zote kumi na nne nilizojaribu zina neno moja la msimamizi. Hayo hakuyapanga mama."

Macho ya ukumbi yakahama. Kulwa akapata kazi ya kuangalia kamba za viatu vyake.

Mkurugenzi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, haraka tu ilimzidi. Akasema sawa, miezi mitatu. Mambo yarekebishwe, kisha Arafa na wenzake warudi siku watakayoijua wenyewe. "Masjala ikivunjika tena, Bi Sikuzani, hatutakuwa na mjadala. Ni kufulia." Wakaandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

Bi Sikuzani alimkuta Arafa getini, anapakia vitu kwenye gari.

"Nanasi langu ulilila?"

Arafa akainamisha kichwa. "Nililila, mama. Lilikuwa tamu, na niliona haya sana."

"Haya hiyo baki nayo, inakufaa. Sasa rudi ndani unioneshe ulipopita. Hatua kwa hatua, usiruke hata moja."

Walikaa masjala mpaka alasiri, Arafa anaeleza, Bi Sikuzani anaandika kwenye daftari la mistari kwa mwandiko wake wa shule ya misheni. Aliuliza maswali ambayo Kulwa hakuwahi kuyauliza. Simu yako ilikuwa simu kweli au kitu kingine? Nisingeondoka ungefanyaje? Ungekuta mlango umefungwa, ungemwendea nani? Arafa alijibu yote, na mwisho akasema jambo ambalo Bi Sikuzani aliliandika peke yake kwenye ukurasa mtupu: "Mama, sisi hatuanzi na kompyuta. Tunaanza na watu wema, kwa sababu wao hufungua wenyewe."

Utawala nao ulifanya yake. Wiki iliyofuata yakabandikwa mabango kila mlango, kwa wino mwekundu: USIMWAMINI MTU YEYOTE. Wafanyakazi wakayasoma siku mbili, siku ya tatu wakatundika makoti juu yake. Bi Sikuzani alilibandua la kwake akalikunja. Hospitali gani hiyo, mgonjwa anakuja na maumivu yake anakuta ameandikiwa kwamba haaminiki? Halafu wakishasema usimwamini mtu, hawakusema umwambie nini akiwa amesimama mbele yako na shikamoo yake.

Akalifikiria nyumbani, akifagia kibaraza chake. Na wakati anafagia akaona kwamba jibu alikuwa amelikanyaga. Nyumba za kwao hazimkatai mgeni. Lakini ni nani aliyewahi kumpeleka mgeni asiyemjua moja kwa moja chumba cha kulala? Mgeni anakaa barazani. Anapewa maji, anaulizwa hali, anangoja aliyemjia atoke. Akitoka mwenyewe na kumpokea, ndiyo anaingia. Hakuna anayenuna, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa kila mtu, awe shehe au muuza mchicha.

Masjala haikuwa na baraza. Ndiyo maana mgeni alifika chumbani.

Alimwita fundi akachonga benchi refu, likawekwa nje ya masjala, kivulini. Juu ya meza ndogo ikawekwa chupa ya tangawizi na vikombe. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote aliyefika kumwona mfanyakazi, akiwa na hotpoti, ngazi au barua ya bosi, alikaribishwa benchini kwa heshima zote na akamiminiwa tangawizi. Mwenyeji wake akaitwa aje amtambue. Zawadi zikapokelewa benchini na vyombo vikarudishwa benchini, vimejaa. Aliyepiga simu akaambiwa, "Ahsante, nitakupigia mwenyewe," na karani akapiga kwenye namba iliyoandikwa ukutani, siyo iliyompigia.

Upande wa mashine alimkalia Kulwa kooni. Kijana alikuja kuomba msamaha kwa kicheko chake, Bi Sikuzani akamwambia, "Msamaha nimekupa, sasa fanya kazi." Na alifanya. Kompyuta zikaanza kujifunga zenyewe mtu akikaa dakika mbili bila kuzigusa. Kila mmoja akapata neno lake la siri, refu, na juu yake namba inayoingia kwenye simu yake kila anapotaka kufungua. Karani akawa anaona mafaili ya wagonjwa wa siku hiyo tu. Akitaka mengine, daktari aombe, na mfumo unaandika nani kafungua nini na saa ngapi. Matundu ya kuchomekea vitu yakazibwa. Nakala ya kumbukumbu zote ikawekwa kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao.

"Na wakitufungia hata hivyo?" Bi Sikuzani akauliza.

Basi Jumamosi moja wakazima mfumo makusudi, kutwa nzima, waone. Vijana walihangaika kama kuku waliomwagiwa maji. Bi Sikuzani akatoa kadi za karatasi alizokuwa amezihifadhi, akakunja mikono ya gauni, akawafundisha kuandika jalada, kulipatia namba, kulipanga kwa herufi. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa inakwenda. Jioni wakairudisha kazi kwenye mashine kutoka kwenye ile nakala, na halikupungua jina. Siku ile alitembea kwenda nyumbani akiringa, na alikuwa na haki.

Lakini kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya ulimi.

Aliwaita wafanyakazi baada ya chakula cha mchana, zamu kwa zamu, wauguzi, walinzi, wapishi, madaktari, akawapanga wawili wawili. Mmoja awe mgeni mchangamfu, aseme "Umenisahau?" Mwenzake ajibu: "Nisamehe, sikukumbuki. Nikumbushe jina lako na namba ya kadi." Maneno tisa tu, wala si magumu. Ungedhani amewaambia wale mchanga. Muuguzi Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Mlinzi Salumu, mtu wa miaka sitini, alijaribu mara nne.

"Bi Sikuzani, ulimi unakataa. Nimwambie mtu simkumbuki, anisalimie kwa jina langu?"

"Hata mimi ulikataa," akawaambia wote, na hakuficha kitu. "Nilimwambia yule binti nimemkumbuka. Nilidanganya. Nilidanganya ili watu wasiseme Sikuzani kazeeka, anasahau. Kwa ajili ya kujionea fahari nikaweka siri za watu mezani nikaenda kumenya nanasi. Nimeona aibu ya kusahau na nimeona aibu ya kuvunjiwa. Ile ya kusahau ni ndogo, Salumu. Inapita."

Salumu akavuta pumzi, akamgeukia Zuwena, akasema sentensi nzima bila kukwama, tena kwa upole ambao ungemfanya mgeni ashukuru. Wakampigia makofi.

Baada ya hapo Bi Sikuzani akawa anawajaribu mwenyewe. Alikuwa akituma watu na vikapu. Wiki ya kwanza daktari wa meno aliangushwa na vitumbua vitano, akaitwa Daktari Vitumbua mwezi mzima. Wiki ya sita hakuanguka mtu.

Mwezi wa tatu ukaingia. Siku haikujulikana, na Bi Sikuzani alipungua mwili. Kila asubuhi akifungua masjala alijiuliza kama leo ndiyo siku ya kuondoka.

Kwanza ilikuja barua pepe, imeandikwa vizuri, ina orodha ya waliopandishwa madaraja. Bofya hapa uone jina lako. Watatu walibofya. Mmoja wao alikuwa Zuwena, na dakika haikupita alikuwa ameshampigia Kulwa: "Nimebofya kitu, nadhani nimekosea, njoo." Zamani angenyamaza akasali kisionekane. Kulwa akaizima mashine ya Zuwena na kuwaonya wengine.

Kesho yake akaja fundi wa kiyoyozi, mrefu, na ngazi begani. Alikuwa Feisal, kavua miwani. Walimkaribisha benchini. Akanywa tangawizi kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, akingoja mtu wa stoo aliyedai kamwita. Mtu wa stoo alipotoka akasema hamjui. Feisal akashukuru kwa tangawizi akachukua ngazi yake.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya Bi Sikuzani ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo, Bi Sikuzani. Mahmoud hapa."

"Marahaba, daktari." Sauti ilikuwa yake, ya haraka, na nyuma yake yalikuwa yakinguruma malori.

"Niko Chalinze. Mgonjwa wetu kapata ajali, ninahitaji faili lake sasa hivi. Simu yangu imezima, hii nimeazima. Nimejaribu kuingia kwenye mfumo kwa jina lako, nikabofya kwamba neno la siri limesahaulika. Kuna namba imekuingilia kwenye simu, nisomee."

Na kweli, simu ilikuwa imetikisika na namba sita zilikuwa pale kwenye kioo. Bi Sikuzani akazitazama. Je, kama ni kweli? Kama kuna mtu amelala barabarani na damu inamtoka, na yeye anabana namba?

"Nitajie mgonjwa na alikolazwa," akasema. "Namwita daktari wa zamu sasa hivi, yeye ataongea na wenzake wa huko, awasomee lolote wanalolitaka. Mgonjwa hatacheleweshwa. Ila namba yangu sikupi, daktari."

"Bi Sikuzani! Unajua unaongea na nani?"

"Najua naongea na simu. Mtu simwoni."

"Nisikilize vizuri." Sauti ikapanda. "Usiponisomea hiyo namba, Jumatatu uko kufulia. Hapo hapo, bila kikao."

Miaka ishirini na sita. Miwili tu ilibaki astaafu, na alitaka kuondokea pale, kwenye masjala yake, siyo kwenye mabeseni ya sabuni. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu.

"Sawa, daktari," akasema. "Nakata. Nakupigia kwenye namba yako."

Akakata. Akapiga namba ya ukutani. Ikaita bila kupokewa. Akampigia daktari wa zamu. Hakuna aliyekuwa na habari ya mgonjwa wa ajali. Akafunga mashine, akamwita Kulwa akae mlangoni, akatoka. Hakuwa na haraka ya kukimbia wala subira ya kutembea, akawa katikati, akavuka ua mpaka jengo la utawala, mtandio unamteleza. Alipiga hodi kwa mkurugenzi akitarajia kumkuta katibu tu. Akafungua mlango.

Daktari Mahmoud alikuwa mezani kwake, kashika simu asiyowahi kumwona nayo. Pembeni walikaa Arafa na Feisal. Kwenye kompyuta ya Feisal malori yalikuwa bado yananguruma kwa sauti ya chini.

Bi Sikuzani hakuyasikia. Alimwona mkurugenzi wake ni mzima na yuko Dunda, na furaha ikamjaa.

"Alhamdulillahi, kumbe upo! Daktari, kuna mtu ana sauti yako kabisa, yuko Chalinze, ananiomba namba ya kufungulia mafaili. Amenitisha sana. Sijampa. Nimekuja mbio nikwambie kwanza, kabla hajawapigia wengine kwa jina lako. Asije akakuharibia jina."

Feisal alinyoosha kidole kimoja akazima malori. Daktari Mahmoud akaiweka simu mezani polepole, akasimama, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa.

"Bi Sikuzani," akasema, "ni mimi."

Bi Sikuzani akamtazama yeye, akaitazama simu, akamtazama Arafa aliyekuwa anauma midomo asicheke wala asilie. Ikamwingia taratibu.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Uliyesema nitakwenda kufulia?"

"Ndiyo. Arafa aliniomba nikubane kama vile mwizi angekubana. Nilitia na ya kwangu kidogo."

Bi Sikuzani akajitanda mtandio wake vizuri, akaurudishia begani, akanyooka mpaka akawa mrefu kuliko alivyo.

"Basi usirudie tena, daktari."

"Sitarudia, Bi Sikuzani. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema kuna watu wa Chalinze wanamngoja dirishani, akafunga mlango nyuma yake, akarudi masjala.